Watu Mia na Nane

Samli ilidondokea kaa la moto, basi. Nilikuwa nayeyusha kijiko kimoja nimpake mwanangu kifuani, maana kifua kilikuwa kimembana kwa baridi ya mwezi wa sita, hii baridi yetu ya Sumbawanga ambayo nimezaliwa nayo na bado naichukia. Tone likaanguka, moshi ukapanda, na ile harufu tamu, nzito, ikaniingia puani mpaka kooni. Nikasimama na kijiko mkononi. Mtoto analia, mimi nimesimama tu. Anayetaka kusikia kwamba nilitokwa machozi kwa kukumbuka utoto wangu amtafute mwingine amsimulie. Mimi nilishikwa na hasira. Nilitaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe nilimjua kwa jina.

Harufu ile ilikuwa ya chumba cha nyuma cha Ba.

Ba alikuwa mama mzazi wa Jayanti, Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa na sufuria ukuta kwa ukuta na sisi. Kwa lugha yao "Ba" ni mama tu, lakini mimi nilidhani ndilo jina alilobatizwa. Mama yangu aliwafulia na kuwaoshea vyombo, nami nikitoka shule nilikwenda kumsubiri uani kwao. Ba alikuwa mjane, kwa hiyo alivaa nyeupe tupu kuanzia utosini hadi kisiginoni. Mimi mtoto wa Kikatoliki niliamini miaka mingi kwamba yule ni sista aliyepewa likizo ndefu.

Kwa Ba kila jambo lilikuwa na namba yake. Taa yake ya shaba ilikuwa na tambi tano, na mmoja ukizimika alinyamaza katikati ya sala mpaka auwashe tena. Alichanganya vitu vitano kwenye kikombe kidogo, yaani maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, akanimiminia kiganjani. Cha kulia, siyo cha kushoto! Kushoto alinipiga. Mjukuu wake alipoolewa, bibi na bwana harusi walipiga hatua saba wakiwa wamefungwa nguo pamoja, na kila hatua ilikuwa na ahadi yake. Mimi nikahesabu kwa sauti kama niko darasani, wageni wakacheka, Ba akanipa laddu, ule mviringo mtamu wa unga na samli, nzima peke yangu. Tena kila mwaka zilikuwapo siku tisa ambazo hakugusa ugali, wali wala chapati. Alisema ni kwa ajili ya Mama wa mbinguni mwenye sura tisa. Hilo halikunishangaza. Kanisani kwetu walikuwapo Watatu katika Mmoja, kwa hiyo nikaona tu kwamba Wahindi huwa na familia kubwa.

Lakini namba iliyokuwa juu ya namba zote ilikuwa ndani ya mfuko.

Alfajiri na jioni Ba alikaa kwenye mkeka, ameingiza mkono wa kulia katika mfuko mwekundu wenye umbo la mdomo wa ng'ombe. Mkono haukuonekana. Midomo ilicheza bila sauti, na mle mfukoni kitu kilitembea. Nilikaa mlangoni nikikitazama kinavyotembea, nywele zikinisimama.

"Ba, kuna nini humo?"

"Jina ya Mungu."

"Lina miguu?"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la sari. Halafu akaufungua mfuko, jambo ambalo sikuwahi kuona akimfanyia hata Jayanti, akanionyesha shanga za mbao zilizolainika kwa kushikwa. Akanionyesha kwamba anazivuta kwa kidole gumba na kidole cha kati. Kile cha pembeni ya gumba alikiacha kimesimama.

"Hiki hapana gusa. Hiki kazi yake kunyoosha kwa mtu, 'wewe, wewe, wewe.' Mungu hapana taka hiki."

"Na kwa nini unazificha?"

"Sala ukionyesha watu, nakuwa ya watu."

Kisha akachukua punje za mahindi, akazipanga sakafuni mistari kumi na miwili, kila mstari punje tisa. "Huku juu," akasema akionyesha bati, "iko nyumba kumi na mbili. Nyota kubwa iko tisa. Natembea, naingia nyumba hii, natoka, naingia nyumba ile. Sasa hesabu, toto. Tisa, mara kumi na mbili?"

Nilikuwa darasa la tatu, na hesabu ndiyo iliyokuwa jeuri yangu. "Mia na nane."

"Shabash! Ndiyo maana shanga iko mia na nane. Mbingu yote nashika kwa mkono moja."

Sasa nisikilizeni vizuri, ninyi mliokuwa watoto wakati mmoja nami, maana mtanielewa kuliko wengine. Sisi tulijua nyumba za kuhesabiwa za aina moja tu: nyumba kumi na balozi wake. Kila kitu kilipita kwa balozi: kuandikishwa, kwenda shamba la ujamaa, barua ya kusafiri, sukari. Kwa hiyo nilipoambiwa mbinguni kuna nyumba kumi na mbili nilielewa mara moja. Nikaelewa vibaya. Nikaona kila nyumba ina wakazi tisa, jumla watu mia na nane, na Ba anawatunza mfukoni. Palikuwapo pia shanga moja iliyowazidi wenzake kwa ukubwa, na Ba akifika kwake hakuivuka. Aligeuza mkufu akarudi alikotoka. "Huyu mkubwa hapana ruka," alisema. Nikajua huyo ndiye balozi wao. Hata kwetu hakuna aliyemruka balozi.

Balozi wetu alikuwa Mzee Patrisi. Mtu mrefu, koti la kijivu, sauti ya taratibu kama katekista. Siku ya mgao wa sukari sisi watoto tulipanga mstari duka la ushirika na vibakuli vyetu, na muuza duka alitangaza kwa sauti: "Nyumba kumi za balozi Patrisi, watu mia na nane!" Nyumba zile zilikuwa kubwa, za vyumba vya kupanga, hivyo hakuna aliyeona ajabu. Ajabu niliiona mimi. Mia na nane, tena!

Yule mzee alikuwa anaitaka nyumba ya Jayanti. Hilo mimi sikulijua, ila wakubwa walilijua. Duka la ushirika lilikuwa kibanda kinachovuja, nyumba ya Jayanti ilikuwa na sakafu ya saruji na bati zima, na atakayesimamia duka hilo likihamia pale alikuwa yeye balozi. Jayanti alikuwa amekataa kuondoka. Karatasi zake zote zilikuwa sawa.

Jumamosi moja Mzee Patrisi akanikuta kisimani. Akachuchumaa, mtu mzima yule, tukawa tunatazamana usawa.

"Skola mwanangu, eti una akili kuliko darasa zima?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi niambie. Yule bibi wa Kihindi huwa anafanya nini na ule mfuko?"

Akatoa sukari iliyofungwa kwenye gazeti. Nikaila hapo hapo, kidole mdomoni, na nikasema yote. Nyumba kumi na mbili. Watu mia na nane. Yule mkubwa asiyerukwa. Nilisema kwa majivuno, kama mtu anayesoma shairi mbele ya mgeni rasmi. Nikamalizia: "Mia na nane, mzee. Kama sisi."

Kisha akatabasamu, akanipangusa mdomo kwa ncha ya koti lake. Ninalikumbuka lile koti. Lilinuka ugoro.

Jumapili baada ya misa tuliitwa uani kwa Ba, wote, nyumba zote kumi. Mtu asiyekuja angesemwa, kwa hiyo walikuja hadi wagonjwa na wanyonyeshao. Mji wetu mnaujua. Jina lake lenyewe, kwa lugha yetu, ni amri ya kutupa uchawi, na ukilitamka neno hilo barazani watu hawaulizi mara mbili. Mzee Patrisi hakulitamka hata mara moja. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya taratibu, kwamba kuna mfuko, na ndani ya mfuko kuna hesabu, na hesabu ni mia na nane.

"Yesu wangu," akasema Mama Oresta, jirani yetu, "si ndiyo sisi hao?"

Mama yangu alijaribu. Lazima niliseme hilo, kwa sababu sitasema mengi mazuri juu ya mtu yeyote siku ile. "Jamani, mbona ni kama rozari tu? Mimi nafua mle ndani, naona."

"Rozari haifichwi mfukoni, Mama Skola," akajibu Mzee Patrisi. "Au yako unaificha?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha woga. Mama akainamisha kichwa.

Fundi Leo wa baiskeli akasema, "Basi si tuhesabiane tujue? Kama tuko wote tuko."

Mzee Patrisi aligeuka kama aliyechomwa na msumari. "Watu siyo mbuzi, Leo. Nani alikufundisha kuhesabu watoto wa wenzako? Unataka kuita msiba?" Watu wakaitikia, kweli, kweli. Hata bibi yangu mzaa mama hakuwahi kutaja idadi ya wajukuu wake, ukimuuliza alisema "wapo." Basi Leo akaomba radhi, na hakuna mtu mzima aliyehesabu.

Ba aliletwa. Alikuja mwenyewe, mkono ukiwa mfukoni bado, maana walikuwa wamemkatiza. Mzee Patrisi akaagiza jiko la mkaa liwekwe katikati ya ua. Akasema hana ubaya na mtu. Bibi atie mkufu wake motoni, kila mtu aone, na mambo yaishe, akae nyumbani kwake kwa amani. Akikataa, watu wenyewe wataamua kama wanaweza kulala ukuta mmoja naye.

Jayanti alipiga magoti. "Ba, ni mbao tu. Tutaagiza ingine. Choma, Ba."

Ba alimpita mwanawe kwa macho. Alitutazama sisi. "Hapana maliza bado," akasema. "Mimi iko arobaini. Jina ya Mungu hapana acha katikati ya njia."

"Mungu gani huyo wa kuitwa mara mia na nane?" akauliza Mama Oresta. "Kiziwi?"

Safari hii walicheka kweli. Ba akasubiri kicheko kiishe, akakaa chini kwenye udongo na nyeupe yake ile, akautoa mkufu nje ya mfuko. Akaanza upya, mbele yetu, shanga moja moja, ili tuone kwamba ni mbao na jina tu. Alichosema hakionyeshwi watu, alituonyesha. Mpaka leo nikifikiria hilo nakosa pa kuuweka mkono wangu.

Nami, mjinga wa hesabu, nikamfuata. Kila shanga nikaipa uso. Shanga ya kwanza mama, ya pili mimi, ya tatu mdogo wangu. Nikamaliza nyumba yetu nikaingia ya Mama Oresta, kisha ya Leo, nyumba baada ya nyumba, wamesimama mbele yangu kama walivyopangwa. Nikafika tisini na tatu, kitoto cha mgongoni kwa mama wa nyumba ya mwisho. Nikatafuta uso mwingine. Hapakuwa na uso mwingine. Na vidole vya Ba vilikuwa vinaendelea. Tisini na nne. Tisini na tano. Mia. Shanga zinapita hazina watu! Mia na nane. Akaigusa ile kubwa, akageuza mkufu.

Nikapiga kelele. "Wengine hawapo! Kumi na tano hawapo!"

Nilimaanisha nilichoona. Niliona watu kumi na tano wametoweka, na akili ya mtoto ikaniambia Ba amewala. Watu wazima wakasikia hivyo hivyo. Wanawake wakavuta watoto wao. Mtu mmoja tu pale uani alijua kumi na tano ni nini, naye alikuwa mwenye orodha ya mgao. Nilimwona akipauka. Kisha nikamwona akipata nafuu, kama mtu aliyeteleza akashika tawi. Akaninyooshea kidole.

"Mmesikia? Mtoto hasemi uongo. Watu wetu kumi na tano wameliwa."

Ba alinitazama. Nilitegemea anikasirikie. Alinitazama kama alivyonitazama nilipokosea kiganja. Halafu akaurudisha mkufu mfukoni, akapita kando ya jiko la mkaa, akaingia ndani kufunga mizigo.

Waliondoka Jumatano kwa lori la mchele lililotoka Mtowisa likielekea Mbeya. Ba alipanda nyuma juu ya magunia, maana dereva hakutaka akae mbele. Barua haikuja hata moja. Ndani ya mwezi duka la ushirika lilihamia, na ugali wetu ukawa mkavu, kwani kazi ya mama ilikuwa imepanda lori pamoja nao.

Nikiwa kidato cha tatu, likizo, mvua inanyesha, nikachukua daftari nikaandika majina ya nyumba zile kumi, kama yalivyokuwa siku ile. Tisini na tatu. Nikarudia. Tisini na tatu. Nikamfuata mama jikoni, alikuwa anachambua maharage.

"Mama, mwaka alioondoka Ba, nani alikufa mtaani kwetu?"

Hakuinua uso. "Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile jioni, Skola. Kila mtu alikwenda nyumbani akaangalia watu wake, akawakuta wapo. Ungetaka tufanye nini? Nyumba alishaahidiwa nani, na sukari tunaipata kwa nani?"

Nikamwacha na maharage yake. Tulikaa siku nne bila kusemezana. Mama nilimsamehe baadaye, kwa sababu ni mama yangu na kwa sababu alijaribu ile ya rozari. Msamaha wangu uliishia hapo.

Wiki mbili baada ya ile samli, ofisi ya kata ikatafuta watu wa kidato cha nne wenye mwandiko wa kusomeka, waandikishe kaya upya kwa ajili ya mgao. Nikajitokeza na mtoto mgongoni. Wakaniuliza nataka mtaa gani. Nikasema nataka ule niliozaliwa.

Mzee Patrisi bado ni balozi. Ameota mvi, anatembelea mkongojo, watu wanamwita Baba. Aliniwekea meza na kiti uani pake, watu wakapanga mstari. Sikumwamkia. Watu waliguna, kwa kuwa binti kutompa mzee shikamoo kwetu ni kama kumtemea mate. Akajifanya hakuona. Akanisogezea karatasi kuukuu.

"Nakili tu, mwanangu. Mia na nane. Haijabadilika."

"Miaka yote hii? Mtaa gani huu, hakuna anayezaa wala kufa?"

Nikaanza kuita majina, mmoja mmoja, kila mtu aje nimwone. Wa kwanza asiyekuja alikuwa Yustina fulani.

"Yuko Mtowisa," akasema, "analima mpunga."

"Na huyu Januari?"

"Matai, kwa dada yake."

"Na huyu?"

"Yuko kijijini Kate. Atarudi."

Nilimwacha awasafirishe wote kumi na tano. Sikumkatiza. Fundi Leo, mzee sasa naye, alikuwa ametoa kofia. Alipomaliza nikasema kwa sauti, wa nyuma wasikie.

"Mzee, hawa walikufa. Uliwatangaza mwenyewe, uani kwa Ba, mbele ya hawa hawa. Kumi na tano, wameliwa. Mimi ndiye niliyehesabu. Sasa chagua. Kama walikufa, marehemu hawali sukari, nawafuta. Kama wako hai, walete hapa, nitasubiri hadi kesho. Kama hawakuzaliwa kabisa, waambie watu Ba alimla nani."

Leo alitoa kicheko kimoja, kikakatika. Hakuna aliyemsaidia. Mama Oresta alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Mzee Patrisi akaegemea meza yangu. "Nilikuwa na watoto tisa, Skola," akasema kwa sauti ya chini. "Na sukari ya hao kumi na tano, kidogo kwenu ilifika. Uliila."

"Niliila, nilikuwa na miaka tisa. Na Ba alikuwa na nyumba moja."

Nikachukua kalamu nikawakata, jina baada ya jina, mstari mnene. Sikuharakisha. Karatasi ilichanika mahali pawili. Alisimama akinitazama hadi wa mwisho, midomo inamcheza.

"Basi andika," akasema. "Andika kwamba nilikosea."

Niliangalia fomu, juu hadi chini. Jina, umri, jinsia, kazi.

"Haina safu hiyo," nikamwambia. "Sogea, mzee, unawazibia walio nyuma."